Homa kwenye Fomu ya Asenath

Kwa miezi saba Asenath alizunguka mtaa wa Shauri Moyo na begi la buluu begani, akiuliza akina mama maswali yale yale. Watoto wao walikuwa wamedungwa chanjo mpya ya kuhara damu. Ilikuwa imeshajulikana kwamba chanjo hiyo inakinga. Kilichotafutwa sasa ni kipimo cha dawa kinachokinga bila kumuumiza mtoto. Nusu ya watoto walipewa kipimo kikubwa, nusu kidogo, na hata muuguzi aliyeshika sindano hakujua nani kapewa kipi. Kwa siku saba baada ya sindano Asenath alipita kila mlango, akauliza, akatia alama. Swali la tatu lilisema: "Je, mtoto amekuwa na homa?"

Kila mama alipewa kipima joto ndani ya kiboksi cheupe. "Akipata homa, mpime, kisha unipigie," Asenath aliwaambia, kama alivyofundishwa.

Kazi hii hakuifanya kwa sababu ya mshahara tu. Binti yake wa kwanza, Lorine, alikufa kwa kuhara damu akiwa na miezi kumi na minne, hapo hapo mtaani, mwaka ambao mfereji wa choo ulipasuka na kukaa wazi hadi Krismasi. Watu waliendelea kumwita Mama Lorine. Alikuwa na watoto wengine wawili, wakubwa sasa, lakini jina halikuhamia kwao.

Jecinta aliuza nguo za watoto soko la Gikomba na alikaa nyumba ya tatu kutoka bombani. Siku ya pili baada ya mwanawe Ngigi kudungwa, Asenath alimkuta akipanga marobota mlangoni.

"Sasa, daktari wa begi!"

"Poa, Mama Ngigi. Kijana anaendeleaje?"

"Amelala. Leo amelala sana, hata amenipa nafasi ya kufanya kazi."

"Ako na homa?"

"Homa? Hana. Hebu chungulia hiyo pua, kavu kabisa. Wewe ndiye uko na homa, hiyo sauti imekauka!"

Walicheka wote wawili. Asenath alichungulia chumbani, akaona mgongo mdogo chini ya leso. Hakumgusa, asije akamwamsha. Bado alikuwa na milango kumi na mmoja. Akatia alama penye "hapana".

Siku ya tatu Ngigi alikakamaa, macho yakageuka. Alifariki hospitalini siku ya nne, saa nne asubuhi. Madaktari walipima damu wakakuta bakteria waliokuwa wameshaenea mwilini. Chanjo haikuwaleta, walisema, kwa maana haina kijidudu kilicho hai. Mtoto alikuwa ameugua ugonjwa mwingine wakati ule ule, na kwa kuwa fomu ilionyesha hakuwa na homa hadi siku ya tatu, hakuna aliyechelewa. Karatasi ikawasafisha wote, Asenath akiwa wa kwanza.

Wiki iliyofuata mradi ulifika Majengo, Pumwani. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Kawsar, mama aliyezaliwa mtaa ule, na bibi yake pia.

"Mtoto ana homa tangu jana," Kawsar alisema kabla hajaulizwa.

"Pole sana. Umempangusa pua?"

"Pua?" Kawsar alimwangalia. "Pua ina nini, bibi wee? Nimekwambia homa, sikusema mafua. Mwili wake moto, mshike! Nyie mliokuja mjini mna Kiswahili chenu. Mtu akipiga chafya mnasema ana homa. Sasa akiungua mnasema nini?"

Jirani aliyekuwa akimenya viazi alicheka hadi akashika mbavu. Asenath aliweka kiganja kwenye paji la mtoto, akapiga simu gari la mradi lije kumpeleka hospitalini, kisha akaketi kwenye ngazi bila kuombwa.

Mafunzoni walifundishwa kwa Kiingereza, naye alielewa vizuri. Alijua homa ya kwenye fomu ni joto la mwili. Alijua pia kwamba nyumbani, tangu utoto, homa ni kamasi na chafya, na dukani huomba dawa ya homa akipiga chafya. Maana hizo mbili zilikuwa zimekaa kichwani mwake miaka yote bila kukutana. Kule Shauri Moyo alikuwa ameuliza moja, akajibiwa nyingine, kwenye milango hamsini na nane.

Jioni alimweleza Mativo, tabibu wa mradi. Mativo alizikunja fomu, akazikunjua.

"Mama, ripoti inaenda kwa kamati ya usalama Ijumaa. Inasema kipimo kikubwa ni salama."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Watauliza kuhusu yule mtoto aliyefariki. Ukinyamaza, hakuna mtu atakulaumu. Ukisema, jina litakuwa lako."

"Hizo alama ni zangu, Mativo. Nipe karatasi niandike."

Aliandika ukurasa mmoja, akatia sahihi. Kamati ilisimamisha sindano na kumrudisha kwenye milango ile ile na swali jipya: mwili ulikuwa moto?

"Moto? Alikuwa anachoma kama jiko!"

"Usiku wa kwanza sikulala, nilimmwagia maji."

"Sasa mbona hukuniambia?" Asenath alimuuliza mmoja wao.

"Si uliuliza homa?"

Watoto thelathini na mmoja kati ya hamsini na saba walikuwa wamechemka mwili. Daftari la siri la nani kapewa kipi lilipofunguliwa, karibu wote walikuwa wa kipimo kikubwa. Kipimo hicho kiliachwa, na fomu ikabadilishwa. Asenath alipewa barua ya kumshukuru kwa huduma yake. Mkataba ulikuwa umefika mwisho.

Mlango wa hamsini na nane aliuacha hadi hapo, akaenda bila begi. Jecinta alimpa kiti. Asenath alimweleza yote, polepole: neno, alama, na kwamba kama angejua, gari lingekuja siku ya pili.

Jecinta alikunja kikaptula kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Alikuwa moto," alisema. "Tangu asubuhi ile. Nilidhani ni sindano tu. Ungeniuliza moto, ningekwambia."

"Najua."

"Na kama ungemshika siku ile?"

"Ningejua."

Jecinta aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kiboksi cheupe. Utepe wa kukifunga ulikuwa bado haujakatwa.

"Uliniambia nimpime akipata homa," alisema, akamwekea mapajani. "Chukua. Na usirudi hapa, Mama Lorine."