Harufu ya Rupia ya Unguja

Juzi, nyumbani kwa mzee mmoja wa Same anayekusanya noti za zamani, nilionyeshwa rupia ya Unguja ndani ya kioo, na pua yangu ikaanza kutafuta karafuu.

Niliwahi kushika noti kama hiyo utotoni, alasiri moja, makande yakichemka jikoni kwetu mlimani. Mjomba alikuwa amerudi kutoka kuchuma karafuu Unguja, akapanda mlima kwa miguu kutoka stesheni. Nilipomwambia shikamoo, akafungua leso yake na kutoa noti.

"Rupia?" mama alifoka. "Siku hizi ni shilingi! Hii hainunui hata chumvi."

"Najua, dada. Nimeileta muione. Huyu hapa pichani anayechuma karafuu ni mimi."

Mama akarudi kwenye chungu chake. Mimi niliinamia karatasi ile. Mistari yake ilikuwa myembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, imesukana kama ukindu wa mkeka, na wachumaji walikuwa wadogo kama siafu. Ilinukia karafuu. Nikaamini kila pesa hunukia picha yake, basi nikafungua pindo la kanga ya mama, nikainusa shilingi yenye picha ya simba, nimpate simba. Ilinuka ugoro tu.

Sasa najua leso ile ilikuwa imefungiwa karafuu, na kwamba noti ilichorwa kabla mjomba hajaiona bahari.

"Unamjua aliyeichora?" mzee aliniuliza, alipoona siondoki pale kwenye kioo.

"Simjui," nilimjibu. "Ila huyu anayechuma ni mjomba wangu."