Ngozi ya Mzee Haisuguliwi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya serikali mjini Tanga, nilivaa gauni jeupe nililolipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Nilitamani wodi ya wazazi, nizalishe. Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, mama wa Kibondei asiyecheka ovyo, alinitazama akasema, "Wewe utakwenda kwa wazee wanawake. Kule utajifunza kugeuza."

"Kugeuza nini, Metroni?"

"Watu."

Nilinuna siku nzima. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda vya mgandamizo: mfupa huibana ngozi kwenye godoro, damu haipiti, ngozi inakufa. Huanzia matakoni, nyongani na visiginoni. Basi tuligeuza, tuliosha, tulikausha kwa kugusagusa na taulo. Metroni alipomkuta muuguzi akimsugua bibi kizee kwa dodoki, sauti yake ilifika getini. "Unapaa samaki? Ngozi ya mzee haisuguliwi!"

Ikaja miaka ya dhiki. Nyie vijana mkisimuliwa mnadhani tunatia chumvi. Sabuni ilipangiwa foleni kwenye duka la ushirika, ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Tukibahatika, wodini tulipata ya mche, ile kali ya kufulia, inayokausha ngozi ya mzee hadi ikapasuka kama tope la kiangazi. Metroni akaamuru maji ya uvuguvugu matupu, kisha mafuta ya nazi kabla ngozi haijakauka sawasawa. Mafuta waliyaleta jamaa za wagonjwa, mengine yakitoka kijijini Tongoni katika chupa zilizozibwa kwa gunzi. Wodi nzima ilinukia kama jiko la wali. Nilichoka, nililalamika, lakini ngozi za bibi zetu zilikuwa laini.

Nikadhani maduka yakijaa, kazi itakuwa nyepesi. Thubutu! Biashara ilipofunguliwa, rafu za maduka ya mtaa wa Ngamiani zilizokuwa na viberiti na vumbi zikajaa makopo na mirija ya kila rangi. Kila moja iliahidi kuondoa makunyanzi, na kumrudishia mtu weupe ambao hakuwahi kuwa nao. Ndani ya baadhi mlikuwa na dawa kali iliyokusudiwa wagonjwa wa ngozi, wapake kidogo, kwa muda mfupi, daktari akijua. Mzee akiipaka kila siku, ngozi yake hubaki kama ganda la kitunguu.

Hivyo ndivyo alivyoletwa Bi Riziki, mjane wa Ngamiani, mpika vitumbua. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa wodi. Alikuwa amejigonga muundi kwenye tendegu la kitanda, pigo ambalo mtu mwingine angelisahau kabla ya kuketi. Yeye ngozi ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa, nyama ikaonekana. Uso wake uling'aa, mikono ina mabaka ya zambarau.

"Shikamoo, Bi Riziki. Unapaka nini?"

"Marahaba. Mafuta tu, mwanangu."

"Mafuta gani?"

"Ya dukani."

Daktari akakataza mafuta hayo, akaeleza namna ya kuyaacha taratibu. Akaonya kwamba kidonda kikioza, mguu utakatwa. Tukawa tunasafisha kwa maji ya chumvi, tunaweka shashi yenye mafuta mgando, tunafunga bandeji. Plasta hatukuthubutu, maana ingeondoka na ngozi. Kidonda kikaanza kufumba, kisha kikagoma. Asubuhi moja natandika kitanda, nikakuta mrija wa mafuta yale yale chini ya mto. Binti yake, Zuhura, alikuwa akiuleta ndani ya kapu la uji.

Alipofika na uji wake, nilifoka. "Zuhura! Mimi naziba, wewe unatoboa? Unataka mama yako akatwe mguu?"

"Ananililia, sista. Nifanyeje?"

Metroni, aliyekuwa akipita, akanivuta kando. "Umemaliza kelele?"

"Sijamaliza."

"Utamalizia nyumbani. Sasa kachukue beseni."

Nikachukua beseni, nimefura. Nilimwosha Bi Riziki mikono, kidole kimoja kimoja, nikampaka mafuta ya nazi. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, akitazama ukutani. "Nikijiangalia kwenye kioo namwona marehemu mama, siku tulipomwosha. Mwanangu, mimi naogopa."

Hasira zangu zote zikakosa pa kukaa. Nilimwambia sina dawa ya hilo. Lakini mguu, kama atanisaidia, tunaweza kuuokoa.

Alinisaidia kwa matusi. Kuacha ile dawa kuliuwasha uso wake kama uliopakwa pilipili, akanilaani mimi na aliyenifundisha uuguzi. Zuhura sasa alileta uji mtupu, na wakati mwingine ndiye aliyemshika mama yake mikono asijikune. Kidonda kilifumba polepole. Bi Riziki akarudi Ngamiani kwa miguu yake miwili na bakora, akapika vitumbua miaka mingine mingi, uso umejaa makunyanzi.

Leo nimestaafu, naishi mtaa wa Mabawa, na sijapumzika. Majirani wananiletea makopo niwasomee, nikiwakataza wananuna, kisha wanakwenda kwa muuzaji anayewaambia wanachotaka kusikia. Msipake msichokijua. Muwapake wazee wenu mafuta, maji yawe ya uvuguvugu, na acheni dodoki! Nimesema mpaka koo limekauka.

Mwezi uliopita ilibishwa hodi. Alikuwa mwanamke mtu mzima amejitanda khanga, uso uking'aa, mabaka ya zambarau mikononi. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Shikamoo, sista. Ni Zuhura. Nakuomba usinigombeze."

Nilimgombeza. Nilianzia mlangoni, nikaendelea nikichochea jiko, sikunyamaza mpaka maji yalipopata uvuguvugu. Kisha nikamwambia, "Lete mikono."