Kila Gurudumu na Ruhusa Yake

Gereji nzima ilimwita Nyuzi, na jina lilimkaa pande zote mbili. Kazi alifundishwa na fundi aliyepima magurudumu kwa uzi mrefu, uliovutwa kutoka nyuma ya gari hadi mbele; siku hizi alikuwa na mashine yenye kioo, inayohesabu nyuzi, yaani digrii, za gurudumu kuinama na za kuelekea. Hata nyumbani hakupita mbele ya kochi bila kulinyoosha na ukuta. Wanawe walilisogeza makusudi, wakakaa kando kumtazama.

Asubuhi moja kaka yake alileta tena lile gari dogo la mikate, mkewe ameketi pembeni, miguu kati ya makreti ya mikate. Wana oveni yao, na mke ndiye anayesambaza mikate madukani. Aliijua stelingi ukubwani, na tangu aishike analalamika kwamba gari linamvuta kushoto. Jioni mabega yanamuuma kama aliyetwanga mchana kutwa. Mume mwenyewe akiliendesha haoni kitu, maana huibana stelingi kama anayeshika mwizi. Sasa alikuwa amechoka na maneno. Alimwambia Nyuzi, mkewe akisikia, kwamba mashine ikisema tena gari ni zima, funguo zinakwenda kwa dereva wa kuajiriwa, na mama anarudi kwenye oveni.

Mke alikuwa anavitazama viganja vyake.

"Labda ni mikono yangu, wifi," alisema. "Gari limeniona mgeni."

"Gari halina macho," Nyuzi alimjibu. "Mwenye macho hapa ni kaka, naye haoni kitu zaidi ya oveni."

Wifi mtu akacheka kidogo. Kaka mtu akajifanya anasoma bango la matairi.

Nyuzi akapima upepo, akafunga vipimo kwenye magurudumu, na kioo kikawaka kijani kotekote. Kijani maana yake gurudumu limo ndani ya ruhusa. Hakuna kiwanda kinachodai gari likae kama limechorwa kwa rula. Chuma hupinda, mpira huchoka, kwa hiyo kila kipimo hupewa mwanya wake, na aliye ndani ya mwanya hana kesi. Safari zilizopita Nyuzi aliona kijani hicho hicho akafuta mikono. Tena akamshauri wifi yake asiikaze mikono anapoendesha. Neno hilo lilimrudia sasa.

Akamwomba wifi amwendeshe kidogo. Walikwenda barabara tupu ya nyuma ya maghala. Nyuzi akamwambia aiachie stelingi kidogo tu, na gari likaenda kushoto polepole kama mbuzi aliyeona majani. Huenda barabara ndiyo imelala upande. Wakageuza, wakarudi njia ile ile. Kushoto tena. Wakabadilishana viti. Kushoto.

Aliporudi gereji hakuzitazama rangi, alisoma namba. Gurudumu la kushoto liliinama kwa nje, karibu na ukingo wa ruhusa yake. La kulia liliinama kwa ndani, nalo karibu na ukingo. Akamwita kaka yake.

"Gari lako lina tege la mguu mmoja," alisema. "Hili limeegemea nje, lile ndani. Kiwanda hakikatazi hili wala lile. Ila hayakuulizana."

"Si ulisema kijani?"

"Nilisema. Nilisoma rangi. Mikono ya wifi ilisoma vizuri kuliko mimi."

Akalegeza nati zinazoshika shokapu kwenye kila mguu wa mbele. Ndani ya matundu yake mna uwazi mdogo, kama unene wa ukucha, na huo ulimtosha. La kushoto akalisukuma ndani, la kulia akalivuta nje, mpaka yakakaribiana. Kulingana kabisa hayakulingana, wala hakuyalazimisha. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuisaka sifuri kwa spana mpaka nati ikaota upara, na gari la watu likalala gereji. Kisha akapima upya kuelekea kwa magurudumu, maana ukigusa kuinama, na kuelekea umeshakuvuruga.

Wifi akalijaribu peke yake. Kaka na dada walisimama getini mpaka gari likatokea nyuma ya maghala likija katikati ya njia yake, dereva kashusha kioo, mkono mmoja tu kwenye stelingi, mabega yameshuka. Alisimama mbele yao, hakuzima injini.

Mume, kwa mazoea, akauendea mlango wa dereva. Akaukuta una mwenyewe. Akangoja.

"Mikate inapoa," mkewe alimwambia, macho yakiwa barabarani.

Mume akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa pili, akatafuta pa kuweka miguu kati ya makreti.