Joto la Ekzosi

Baridi ya Julai kule Karatu haina adabu. Inakuingia mpaka kwenye mifupa. Dorkasi, mimba ya miezi sita, kila asubuhi alipanda na ndoo yake ya chapati hadi lango la Ngorongoro, magari ya watalii yanapopanga foleni kusubiri vibali. Madereva hawazimi injini. Na wauza chapati wote wanajua: ukitaka joto, chuchumaa nyuma ya gari, karibu na ekzosi, lile bomba la moshi. Hapo ndipo alipokaa Dorkasi, tumbo ameligeuzia moshi ili mwanawe naye apate joto. Mumewe Clemensi, dereva, ndiye aliyemwita, "Njoo huku kwangu, nimekuwashia." Na yalikuwa mapenzi, jamani, tusimsingizie.

Mtoto huyo, Doreen, alipotimiza miaka minne akaanza kutokwa damu puani. Hospitali wakasema ni saratani ya damu. Daktari aliuliza mengi, kisha akasema moshi wa magari wakati wa ujauzito unaweza kuongeza hatari kidogo, ila kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kujua, na mama asijilaumu. Dorkasi akayafikisha maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Mjinga yule! Ya hospitali mengine humezwa huko huko.

Daktari alisema pia kwamba mtoto anaweza kupona, mradi vidonge visikatishwe. Vichungu balaa. Doreen alivitema kwa bibi yake, akavitema kwa baba yake. Alivimeza kwa mkono wa mama tu, macho kafumba, kwa kumwamini.

Basi ndugu wa mume wakaja kuuliza ugonjwa huo umetoka ukoo gani. Clemensi akaona aibu inamwelekea yeye. Injini yake hakuitaja, mwanamume mzima! Alisema mbele ya wote, mtoto akiwa amejilaza pale pale mkekani, macho wazi:

"Huyu ndiye aliyemlisha mwanangu sumu tangu tumboni."

Dorkasi naye moyoni alijisema hivyo hivyo kila siku.

Kesho yake akaleta kidonge na uji. Doreen aliutazama ule mkono, akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Sitaki sumu yako, mama."

Alimbembeleza, akamlilia, mwisho akambana pua. Kidonge kikatemwa. Ikawa hivyo wiki nne. Walipomrudisha hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshatangulia, na Doreen alikufa amegeukia ukutani, hataki kushikwa na mama yake.