Salamu Upande wa Kulia

Siku ya mnada pale Katesh, dereva wa pikapu mbele yangu alihama upande wake ghafla, akasimama kulia, uso kwa uso na malori yanayotoka Singida. Askari wa barabarani akamfuata mbio.

"Mbona umesimama upande usio wako?"

"Afande, nimemwona baba mkwe. Nimpigie shikamoo kwa kelele kutoka ng'ambo?"

Askari akamgeukia mzee, akavua kofia. "Shikamoo, baba." Kisha kwa dereva: "Toa gari!"

Dereva akatii, akavuka. Mzee akabaki na mkono hewani.

"Mkwe wangu kaondoka bila kuniaga?"

Askari alinitazama kana kwamba sheria ninayo mimi. Halafu akapuliza filimbi, akamwita arudi.

Akarudi na gari, palepale. Malori mawili yakasubiri salamu ziishe. Msomaji, hapo kosa aandikiwe nani?