Siku Walipochoma Kichaka cha Mama

Nilirudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikiwa na begi moja na binti yangu mgongoni. Kijiji chetu kiko magharibi ya Itigi, na nilipokuwa mdogo ukitoka uani tu ulikuwa unagusa pori. Halikuwa pori la miti mirefu. Kilikuwa kichaka, vijiti na miti myembamba iliyosongamana kama nywele ambazo hazijachanwa mwaka mzima. Mbuzi akiingia alitoka na masikio yamechanika, na mtu mzima hakuweza kupita bila kuinama. Nilipoolewa niliacha kichaka hicho kikienda mpaka macho yanachoka. Niliporudi nilikikuta kimekatwakatwa.

Kulikuwa na shamba la alizeti, kisha ukanda mwembamba wa kichaka, kisha matanuri ya mkaa, kisha barabara ya malori, kisha kipande kingine cha kichaka kisichozidi uwanja wa mpira. Kila familia ilikuwa imegawiwa eneo na kila familia ilikuwa imesafisha. Neno lilikuwa hilohilo, kusafisha, utadhani baba zetu waliishi kwenye uchafu.

Aliyekuwa hajasafisha ni mama. Eneo la marehemu baba lilikuwa nyuma ya nyumba, na mama aliliacha lilivyo kwa sababu ya mizinga. Ufugaji wa nyuki kwetu ulikuwa kazi ya wanaume, lakini baba alipofariki mama alichukua kamba na kifaa cha moshi akaendelea, na waliomcheka wakachoka wenyewe. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, imening'inia ndani kabisa. Ili kuifikia ilibidi tutambae kwenye vichochoro vya wanyama, na huko chini mama ndiko alikonionyesha sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, anayefagia majani makavu kwenye njia yake ili akifukuzwa akimbie bila kujikwaa.

"Huyu ana akili kuliko halmashauri," mama alisema. "Barabara yake haina shimo."

Kaka yangu alikuwa na duka la kuuza mafuta na vipuri vya pikipiki pale Mkiwa. Msimu niliorudi alikuja na trekta la kukodi. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akanywa uji, kisha akasema anataka kulima eneo la baba.

"Lima lile la mbele," mama akamwambia. "La nyuma lina nyuki."

"Mama, nyuki watahama tu. Dunia ni kubwa."

"Wahamie wapi? Hebu nionyeshe kwa kidole."

Kaka hakuonyesha. Alilima la mbele, na pembeni akalima la nyuma pia, ukanda huku na ukanda kule, kila msimu akimega kidogo mama akiwa kanisani au sokoni. Hatimaye kichaka cha mama kikabaki katikati ya alizeti, kimezungukwa pande zote.

Kuanzia hapo ndipo vituko vilipoanza. Wanyama wote waliokuwa wametapakaa kwenye pori kubwa sasa walikuwa na mahali pamoja tu pa kujificha. Nguruwe pori walilala humo mchana na jioni wakatoka. Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wadogo, aliamka akakuta shamba lake lote la karanga limefukuliwa. Nilikwenda kumpa pole nikamkuta amekaa chini kwenye udongo uliogeuzwa, anaokota karanga zilizobaki na kuziweka kwenye upande wa kanga. Hakulia. Aliniambia tu, "Mwambie mama yako hawa ni nguruwe wake." Njaa yake ilikuwa ya kweli.

Fisi naye alianza kuchukua mbuzi. Nyani wakazoea kuja hadi jikoni. Watu walikuwa wamesahau kwamba wanyama hao walikuwepo siku zote, ila zamani walikuwa na nafasi ya kutukwepa.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Tulikaa chini mbele ya ofisi ya kata, mwenyekiti mezani, kaka yangu mstari wa mbele na shati limepigwa pasi. Mwenyekiti alieleza kwamba kichaka kile kimekuwa maficho na kwamba wananchi wanaomba kisafishwe. Mama akanyoosha mkono. Alisimama taratibu, akafunga kanga upya kiunoni.

"Mmewafungia wote kwenye chumba kimoja," alisema, "halafu mnashangaa wanatokea mlangoni. Tuwaachie njia. Kila mtu aache ukanda mdogo tu mpakani mwake, mpaka kule bondeni, nguruwe watakwenda zao. Mkikiondoa hiki hamtaondoa nguruwe peke yao."

Watu walinung'unika. Mmoja akasema bibi anatuambia tulime wanyama. Kicheko kikapita. Mimi nikasimama nikasema kwamba eneo lile ni la marehemu baba na mama ndiye mwenye sauti juu yake.

"Dada," mwenyekiti akaniambia, kwa upole uliouma kuliko tusi, "wewe umerudi tu nyumbani. Kaa chini. Mwanamume wa nyumba ile yupo hapa."

Kaka akasimama. Hakumtazama mama. "Nimekubali," akasema. "Tuendelee na mengine."

Walichoma siku ya Jumamosi, kabla ya adhuhuri, wakati upepo umetulia. Ilikuwa mwisho wa kiangazi na majani yote yalikuwa yamepukutika, hivyo moto haukuhitaji kubembelezwa. Watu walikizunguka kichaka wakiwa na mbwa, marungu na mapanga. Wengine walikuja na viroba. Ilikuwa kama sikukuu. Nakumbuka mwanamke mmoja alikuwa anauza maandazi.

Nilisimama na mama karibu na banda la kuku. Nilimwomba aingie ndani akakataa.

Nguruwe walitoka wa kwanza, na kwa kuwa walikuwa wakubwa na wenye hasira, walipasua mduara wa watu wakaenda zao. Nguruwe, ambao mkutano mzima uliitishwa kwa ajili yao, karibu wote walipona. Waliofuata ndio hawakupona. Digidigi wawili walitoka wakiwa wamebanana, wakasimama, hawakujua waende wapi kwa sababu hawakuwahi kuona uwazi mkubwa namna ile. Sungura, nungunungu, kicheche, nguchiro na watoto wake. Chatu alitoka polepole, ngozi imeungua mgongoni, na vijana wakampiga mpaka hakuna aliyejua tena kichwa kiko wapi. Bundi walitoka mchana kweupe, wakazungukazunguka ndani ya moshi. Kisha sange. Walikuja mbio kwenye vichochoro vyao vilivyofagiliwa, njia zikawafikisha ukingoni, na ukingoni kulikuwa na watu. Hata hawaliwi. Watoto waliwaua kwa kandambili.

Mizinga ilianza kudondoka, tukasikia kishindo cha kila mmoja. Nyuki walipanda juu kama moshi mwingine, wakatawanyika, na kundi moja likashuka juu ya paa letu likakaa pale limening'inia kama mfuko. Watu walikimbia. Mama alitembea hadi chini ya kundi lile, akasimama kimya, nyuki wakitambaa kwenye mikono yake. Walimuuma. Nilimwona akikunja uso, lakini hakuondoka. Asubuhi iliyofuata walikuwa wamehama. Hatukujua wamekwenda upande gani.

Kaka alikuja jioni na mguu wa digidigi kwenye kiroba. "Mama, shikamoo. Nimekuletea nyama."

Mama alijibu marahaba, kwa sababu hiyo hanyimwi mtu. Kisha alirudi kwenye Kinyaturu, lugha aliyoizungumza na kaka akiwa mdogo, akamwambia maneno machache ambayo sitayaandika. Kaka akaondoka na kiroba chake.

Nisingependa kusema kwamba dunia ilitulipia kisasi. Haikutulipia. Msimu wa kwanza alizeti ya kaka ilistawi kwenye jivu lile, vichwa vikawa vikubwa kama sinia. Alijenga nyumba ya bati la rangi. Watu walimpongeza, na mjane jirani yetu alivuna karanga zake zote akatuletea kidogo kwenye bakuli, na mama alizipokea kwa mikono miwili.

Msimu uliofuata walikuja panya. Ardhi ilisogea kwa panya. Walifukua mbegu jioni ileile zilipopandwa, mstari mzima, shimo kwa shimo. Waliingia kwenye magunia, kwenye vitanda, waliguguna nyayo za binti yangu usingizini mpaka ikabidi alale na soksi. Bundi, chatu, kicheche na nguchiro waliokuwa wakila panya tulikuwa tumewaua kwa marungu tukishangilia. Kijiji kikaanza kuweka sumu kwenye mahindi. Kuku wakafa, mbwa wakafa, hata tai waliokuwa wakipita juu kutafuta mizoga walianguka. Panya walipungua kidogo, wakarudi.

Wale waliobahatika mbegu zao kuota walikuta jambo jingine. Alizeti ilichanua, shamba likawa la njano mpaka upeo, na kulikuwa kimya. Zamani ukipita kwenye alizeti ulisikia mvumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Sasa ulisikia pikipiki tu barabarani. Kaka alipovuna, alisugua kichwa kimoja kwenye kiganja mbele yetu. Yalitoka mapepe, maganda matupu. Akasugua kingine.

"Labda mbegu ilikuwa feki," alisema. Mama alikuwa anapepeta dengu.

"Au mvua," kaka akaendelea. "Mama, wale nyuki hawakurudi kabisa?"

Ungo ukasimama. Nilidhani angemwangushia yote siku hiyo, na kusema kweli nilitamani afanye hivyo. Nilitaka nimwone kaka yangu akilia. Mama alisema tu, "Hakuna anayerudi kwenye shamba lako, mwanangu. Hata mimi ningekuwa na mabawa ningeondoka." Akaendelea kupepeta.

Kaka alirudi Mkiwa dukani. Mashamba aliyakodisha kwa watu wengine. Tunasalimiana kwenye misiba.

Mama alizeeka ghafla baada ya hapo. Aliacha kwenda nyuma ya nyumba. Mlango wa uani aliuziba kwa mabati, akasema upepo unaleta vumbi, na ni kweli, upepo sasa unaleta vumbi ambalo hatukulijua, jekundu, linaloingia hadi kwenye chumvi.

Mwaka juzi walikuja wageni shuleni kwa ajili ya kupanda miti. Walikuwa na fulana zinazofanana na lori la miche kwenye viriba vyeusi. Mwenyekiti yuleyule, sasa ana mvi, alisimama na kipaza sauti akasema kijiji chetu kiko mstari wa mbele katika kutunza uoto wa asili. Kisha akamwita mama apande mti wa kwanza, kwa kuwa yeye ni mpenzi wa mazingira anayejulikana. Watu wakapiga makofi. Mama alijikongoja hadi mbele na fimbo yake. Kijana mmoja wa wageni akamkabidhi mche kwa mikono miwili.

"Huu mti una maua?" mama akauliza.

"Madogo tu, bibi."

"Unaliwa na nani?"

Kijana akatabasamu. Alikuwa na adabu, alijibu kwa moyo mweupe. "Hauliwi na kitu, bibi. Ndiyo sifa yake. Hata mchwa hawaugusi."

Mama akamrudishia kiriba taratibu, akasema mgongo unamuuma, akageuka. Mpiga picha alibaki ameshika kamera. Mwenyekiti alitazama huku na huku, mwalimu mkuu naye akanitazama mimi, na binti yangu anasoma pale. Nikaenda nikapokea mche, nikauweka shimoni, nikashindilia udongo kwa mguu. Walinipiga picha.

Mti ule umekua haraka sana. Umepita paa la darasa. Wanafunzi wanakaa chini yake wakati wa mapumziko, na mimi nikipita pale huinua macho kwenye matawi yake kutafuta kiota, au hata mdudu. Mpaka leo sijaona kitu.