Betri ya Redio ya Baba

Nitaanza na kosa, maana nikianza na ndege nitajisifu: betri ya redio ya baba niliichukua mimi.

Tulikuwa tukikaa Bodo, na uhuru ulikuwa mbichi bado. Mimi nilikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, mtu mzima na ndevu zangu. Mgeni mmoja aliniachia mtambo wa kuongozea ndege ya mchezo: kisanduku cha mkononi chenye kitufe kimoja, kingine kidogo cha kutiwa ndani ya ndege, na injini ndogo kama ndimu. Mwili wa ndege niliuunda kwa pongoo, zile fimbo za katikati ya makuti ya mwale, nyepesi kupita ubao wowote, na mbawa nikazivika karatasi ya tiara. Mama alinicheka. "Haya rubani, chakula kinapoa!"

Kilichokosekana ni betri. Kisanduku cha mkononi kilitaka betri kubwa kama tofali, na Bodo nzima ilikuwako moja tu, katika redio ya baba. Nayo haikuguswa. Bibi, mamake baba, alikuwa mgonjwa mahututi kwa shangazi huko Mambrui, na kila jioni baba alisogeza kiti kusikiliza matangazo ya vifo. Jina la mamake lisipotajwa, ndipo alipokula.

Siku moja baba alikwenda shamba. Nikaichomoa betri, nikajiambia nitairudisha kabla hajarudi. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, mchanga mtupu mpaka kwenye mikoko. Nikairusha ndege. Loo, ikapaa! Nabonyeza, inapinda, nabonyeza tena, inanirudia. Watu wakaja mbio. Baba naye akatokea, jembe begani, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Irushe tena, mwanangu!"

Nami, mpenda sifa, nikairusha tena na tena, mpaka betri ikafa na ndege ikajiendea zake juu ya mikoko. Hatukuiona tena.

Betri niliirudisha kimyakimya. Jioni baba akafungua redio, kimya. Akaigonga ubavuni. "Jana tu ilikuwa nzima," akasema. Ningefungua kinywa changu wakati ule, angepanda baiskeli akasikilize kwa watu Msambweni. Niliona haya. Nikamwambia asihangaike, nitamletea betri nyingine kutoka Diani, naye akaniamini.

Siku ya tatu akaja mume wa shangazi. Bibi alikuwa amefariki, akatangazwa jioni ile ile redio yetu ilipokufa. Walimweka mpaka adhuhuri ya siku ya pili, wakimngojea mwanawe wa kiume wa pekee ashuke kaburini ampokee mamake.

Baba aliuliza neno moja tu. "Alipokewa na nani?"

"Nilishuka mimi, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado kabisa.

Hakujua kamwe. Miaka yote aliwaambia watu kwamba redio ndiyo iliyomfanyia hiyana, nami nikiwa nimekaa papo hapo, Mungu anisamehe, nikinywa chai yangu.

Alipofariki, nilishuka mimi. Nilimpokea, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamfungua sanda usoni. Nikainama sikioni mwake. Walio juu walidhani namwombea.

"Baba, betri niliichukua mimi."

"Fanya hima," wakaniambia kutoka juu, "watu wako juani." Nikanyoosha mikono, nikapokea ubao wa kwanza wa kumfunikia.